Kuchagua presi ya kukunja bati kwa karakana: mwongozo kamili, kuanzia bati hadi kona ya kwanza

Kosa hili linajirudia Uganda, kuanzia Katwe na Kisenyi za Kampala hadi Jinja na Mbarara. Karakana inakusanya pesa miaka mitatu, inaleta presi ya tani 100, halafu wiki ya kwanza mdomo wa mm 12 wa fremu ya mlango, yaani ukingo unaokunjwa, unatumbukia ndani ya V (mfereji wa dai, kifaa cha chini kinachobeba bati) na kutoka umepinda kama ulimi wa kiatu. Kwingine mashine ni nzima lakini jengo lina umeme wa fezi moja. Kwingine sanduku limekunjwa vizuri, ila haliwezi kutoka kwenye mashine mpaka panchi, kifaa cha juu kinachosukuma bati, ifunguliwe.

Wanunuzi hawa wote walianza na tani, yaani nguvu ya mashine. Tani huja katika hatua ya tatu. Kabla yake kuna bati lenyewe, kisha dai. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila namba inazaliwa na ile iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuzungumza na muuzaji

- Mikromita, au venia nzuri inayosoma mm 0.05
- Protrakta ya chuma ya kupimia pembe (bevel ya seremala haitoshi)
- Daili geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) yenye kitako cha sumaku, ikiwa utakagua mashine iliyotumika
- Daftari la oda za miezi 6 iliyopita
- Vipande vya bati unalotumia kweli, si sampuli ya muuzaji: vipande 5 vya mm 100 kwa 300, na mikanda 3 ya mm 100 kwa 2400
- Kadibodi ngumu, rula na kisu
- Vipimo vya mlango wa karakana, kimo cha paa na unene wa sakafu
- Fundi umeme anayejua mota za fezi tatu

## Hatua ya 1: Orodhesha kazi, kisha pima bati lenyewe

Chukua oda za miezi 6. Kwa kila aina ya kazi andika mambo sita: unene wa bati, aina ya chuma, urefu wa kona ndefu kuliko zote, upana wa mdomo mfupi kuliko yote, kimo cha kuta kama ni sanduku, na vipande vingapi kwa wiki.

Karakana ya kawaida ya Kampala itajikuta na orodha kama hii: fremu za milango za geji 16, kabati na meza za kuuzia rolex (chapati ya mayai) za stenilesi mm 1, maboksi ya mita, hopa za mashine za kusaga mahindi za mm 2 au 3, na mara moja moja bodi ya tipa ya mm 4 hadi 6.

Usiandike geji peke yake. Dukani geji 18 huhesabiwa kuwa mm 1.2, geji 16 mm 1.5, geji 14 mm 2. Lakini bati lililoandikwa geji 16 linaweza kupima mm 1.3. Pima sehemu tatu, mbali na ukingo uliokatwa, kwa sababu kwenye mkato kuna makombo yanayoongeza namba. Ukikuta tofauti ya mm 0.1 au zaidi kati ya shiti mbili za geji moja, iandike. Hiyo ndiyo itakayokuwa inabadilisha pembe yako kila siku, na utailaumu mashine bure.

Weka alama kwenye kazi zinazofanya sehemu kubwa ya mapato. Mashine inanunuliwa kwa ajili ya hizo. Ile tipa moja kwa mwaka inaweza kupelekwa kukunjwa kwa mwingine kwa malipo, na ni rahisi kuliko kubeba deni la mashine kubwa.

## Hatua ya 2: Chagua V kabla ya kuchagua mashine

Katika ukunjaji wa kawaida, bati hulala juu ya kingo mbili za dai na panchi hulisukuma katikati bila kugusa sakafu ya V. Upana wa uwazi wa V ndio unaoamua mambo matatu: nguvu inayohitajika, duara la ndani ya kona (nusu kipenyo chake), na mdomo mfupi unaowezekana.

Kanuni ya kuanzia: V iwe mara 8 ya unene wa bati. Bati zito kuliko mm 6, tumia mara 10.

Kisha zidisha V kwa 0.7. Jibu ndilo mdomo mfupi kuliko yote unaoweza kukunja, ukipima kutoka katikati ya kona. Ukipungua hapo, bati halina pa kukalia upande mmoja na linatumbukia.

Tuchukue ile fremu ya mlango. Bati mm 1.5, V ya mm 12, mdomo mfupi ni mm 8.4. Mdomo wako wa mm 12 unapita bila shida. Lakini mashine nyingi za bei nafuu huja na dai ambayo V yake ndogo ni mm 16, au hata mm 25. Kwa V ya 25 mdomo mfupi ni mm 17.5, na fremu imekushinda hata kama mashine ina tani 300. Hapo hakuna wa kulaumiwa ila aliyenunua bila kuuliza.

Duara la ndani kwa chuma cha kawaida hukaribia sehemu moja ya sita ya V. V ya 12 itakupa duara la mm 2. Stenilesi hutoa kubwa zaidi, karibu sehemu moja ya tano ya V. Alumini laini hutoa dogo zaidi. Mteja anayetaka kona kali kwenye bati la mm 4 anataka kitu ambacho bati haliwezi kutoa bila kupasuka kwa nje. Mwambie mapema.

Hatua imekamilika pale kila mstari wa orodha yako unapokuwa na V yake pembeni na kila mdomo umepita kipimo cha 0.7.

## Hatua ya 3: Sasa piga hesabu ya tani

Kwa chuma cha kawaida, hesabu ni hii:

Nguvu (kN) = 650 × unene × unene × urefu wa kona ÷ V

Unene na V viwe kwa mm, urefu kwa mita. Gawa jibu kwa 9.81 upate tani.

Kwa shiti nzima ya futi 8, yaani mita 2.44, na V ya mara 8:

- mm 1.2 kwa V 10: tani 23
- mm 1.5 kwa V 12: tani 30
- mm 2 kwa V 16: tani 40
- mm 3 kwa V 24: tani 61
- mm 4 kwa V 32: tani 81
- mm 6 kwa V 48: tani 121

Alumini laini, zidisha kwa 0.5. Stenilesi, zidisha kwa 1.5 au 1.6.

Angalia unene ulivyo kwenye hesabu: unajizidisha wenyewe. Ukiacha V ile ile na kuongeza unene mara mbili, nguvu inapanda mara nne. Fundi anayekunja mm 3 kwenye V 12 kwa sababu "ni kona moja tu" anaidai mashine tani 121 kwa shiti nzima, na wakati huo panchi ndiyo ya kwanza kupasuka.

Jibu ulilopata lisizidi asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa kwenye mashine. Sababu ni kwamba bati la soko letu halina ugumu mmoja, na mashine inayofanya kazi kwenye kikomo chake kila siku huchosha sili na pampu mapema. Kwa mm 3 ya shiti nzima, presi ya tani 63 imebanwa kabisa. Ya tani 100 inafanya kazi ikiwa imestarehe.

Stenilesi ya mm 3 shiti nzima inakuja tani 91 au zaidi. Kwenye presi ya 100 hiyo imepita asilimia 80. Njia ni kupanua V: ukitumia 32 badala ya 24 unashuka hadi tani 70 hivi. Unalipa kwa duara kubwa zaidi, karibu mm 6, na mdomo mfupi unakuwa mm 22. Kama kazi inakubali, umejiokolea mashine kubwa.

Tahadhari. Tani 100 zilizoandikwa kwenye mashine hazikusudiwi kushushwa mahali pamoja. Kanuni inayotumika kwa mashine nyingi ni kwamba nguvu zote zitandazwe angalau kwenye asilimia 60 ya nafasi kati ya nguzo mbili za pembeni za mashine. Nguzo zikiachana mita 2.6, hiyo ni mita 1.56, yaani tani 64 kwa kila mita. Kipande cha sentimita 30 cha pleti nene kisipewe zaidi ya tani 19 hivi. Ukipita hapo unabonyeza kitanda, yaani boriti ya chini inayobeba dai, na kitanda kilichobonyea hakinyooki.

## Hatua ya 4: Urefu, koo na nafasi ya kutolea kazi

Namba za urefu hudanganya kwa upole. Mashine ya mm 3200 ina kitanda cha mita 3.2, lakini nafasi kati ya nguzo zake mara nyingi ni kama mita 2.6. Ya mm 2500 huwa na mita 2 hivi kati ya nguzo.

Maana yake: shiti ya futi 8 inalala vizuri kwenye kitanda cha 2500, lakini haipiti katikati ya nguzo kwenda nyuma. Kila kona ndefu kuliko nafasi ya nguzo inakomea kwenye koo, ule mkato wa ndani wa nguzo, ambao huwa na kina cha mm 250 hadi 400. Kama koo ni mm 300 na unataka kukunja shiti ya mita 2.44 katikati ya upana wake wa mm 1220, haitaingia. Kwa karakana inayofanya kazi na shiti za futi 8 kwa 4, kitanda cha 3200 kina thamani kuliko tani za ziada. Mimi nikipewa kuchagua kati ya 160/2500 na 100/3200 (tani, kisha urefu wa kitanda kwa mm) kwa orodha ya kazi kama ile ya juu, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Sasa kimo. Uliza "kimo wazi", yaani umbali kati ya kitanda na boriti ya juu inayoshika panchi, ikiwa imepanda mwisho. Kisha toa kila kinachokaa katikati. Mfano: kimo wazi mm 320. Vishikio vya panchi mm 100, panchi mm 90, dai na reli yake mm 90. Kimebaki mm 40. Sanduku lenye kuta za mm 100 utalikunja, lakini halitoki kwa mbele. Utalivuta kwa ubavu hadi mwisho wa kitanda, kama lina njia.

Kwa maboksi usitegemee hesabu, tumia kadibodi. Chora mkato wa panchi, vishikio na boriti kwa ukubwa halisi, ukate. Kata mkanda wa kadibodi wenye mikunjo ya kazi yako. Kisha kunja kona moja moja kwa mpangilio utakaotumia, ukizungusha mkanda kuzunguka ncha ya panchi. Mahali ukuta unapogonga boriti kabla kona haijafika nyuzi 90, ndipo mashine halisi itakapokwama. Dakika ishirini za kadibodi zimewahi kuonyesha kosa ambalo lingegharimu mamilioni. Muuzaji akikataa kutoa mchoro wa panchi na boriti, tafuta mwingine.

## Hatua ya 5: Aina ya mashine

Foda ya mkono, mashine ya kukunja bati kwa nguvu ya mikono. Kama kazi zako zote ni chini ya mm 1.5 na vipande havizidi makumi machache kwa siku, hii inatosha. Haihitaji umeme wala oili. Wengi wanaoruka hatua hii wangeifurahia.

Presi ya gurudumu, inayosukumwa na gurudumu zito linalozunguka. Huuzwa ikiwa imetumika, kwa bei ya kuvutia. Zile za klachi ya zamani zikishaanza kushuka hazisimami hadi zimalize mzunguko. Mkono ukiwa ndani, umekwenda. Iache.

Haidroliki yenye shafti ya kuunganisha silinda. Silinda mbili zinafungwa pamoja na shafti nene ya msokoto ili zishuke sawa. Ndizo zinazoandikwa WC67Y au WC67K, na namba zinazofuata zinajieleza: 100/3200 ni tani 100 na kitanda cha mm 3200. Kompyuta yake ndogo, kama E21, husogeza bekigeji (kizuizi cha nyuma kinachopimia upana wa mdomo) na kuweka kina cha kushuka. Haikuchorei kitu. Kwa fremu, hopa na maboksi yanayorudiwa inatosha kabisa, na fundi wa mtaani anaweza kuielewa. Udhaifu wake: haipendi mzigo wa upande mmoja. Kunjia katikati ya kitanda.

Haidroliki inayosawazishwa kwa kompyuta. Kila silinda ina valvu yake na rula ya kielektroniki inayosoma mahali boriti ilipo. Hukunja kwa usahihi, hubeba kazi za pembeni, na unaweka hatua zote za sanduku mara moja. Inunue kama una maumbo mengi tofauti kwa siku na mtu wa kuiendesha ambaye hataondoka mwezi ujao. Kadi yake ikiungua, hutaipata Kisenyi.

Servo ya umeme. Haina oili, ni tulivu na sahihi. Inafaa bati jembamba na umeme safi. Hilo la pili ndilo swali.

Kwenye mashine yoyote ya mita 3 na zaidi, uliza kuhusu krauningi. Boriti na kitanda hupinda kidogo zikibeba nguvu, kwa hiyo kona hufunguka katikati kuliko pembeni. Krauningi ni kabari au silinda ndogo chini ya kitanda zinazokiinua katikati kufidia. Bila hiyo utakuwa unaweka vipande vya bati jembamba chini ya dai kwa mkono, kila unapobadilisha unene.

## Hatua ya 6: Panchi na dai ziandikwe kwenye mkataba

Hapa ndipo bei "nzuri" inapojificha. Mashine nyingi huja na panchi moja iliyonyooka na dai moja ya pande nne. Kwa fremu ya mlango hiyo haitoshi, kwa sababu mkunjo wa ndani hugonga panchi iliyonyooka. Unahitaji panchi ya shingo ya bata, ile iliyopinda nyuma kupisha ukuta uliokwisha kukunjwa.

Agiza hivi, pamoja na mashine:

- Panchi ya shingo ya bata, urefu wote wa kitanda
- Seti moja iliyokatwa vipande kwa ajili ya maboksi. Kwa mfumo wa Ulaya seti ya mm 835 huwa na vipande vya 10, 15, 20, 40, 50, 200, 300 na masikio mawili ya 100, yaani vipande vya mwisho vyenye ncha inayotokeza pembeni. Kwa vipande hivi unajenga urefu wowote unaoingia ndani ya boksi
- Dai za V kulingana na orodha yako ya Hatua ya 2, si kulingana na stoo ya muuzaji
- Pembe ya panchi na dai iwe nyuzi 88 au 85, si 90

Hiyo ya mwisho ina sababu. Bati likiachiwa hujirudisha: chuma cha kawaida nyuzi 1 au 2, stenilesi 3 hadi 5. Ili upate 90 lazima upite 90, na dai ya nyuzi 90 haikupi nafasi ya kupita. Anayekunja stenilesi achukue 85.

Uliza pia ni mfumo gani wa kushika panchi. Wa Ulaya unapatikana kwa wauzaji wengi duniani. Mfumo wa kiwanda kimoja pekee unakufunga kwake maisha yote ya mashine.

## Hatua ya 7: Umeme

Presi ya tani 100 kwa kawaida ina mota ya kW 7.5. Kwa fezi tatu za volti 415 hiyo ni ampea 14 au 15 ikifanya kazi, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta karibu mara 6 ya hapo kwa sekunde chache. Agiza staa-delta, swichi inayowasha mota kwa hatua mbili, inashusha mvuto huo hadi theluthi moja. Majirani nao watakushukuru.

Kabla ya kulipa hata amana ya mashine, omba laini ya fezi tatu UEDCL. Shirika hilo lilichukua usambazaji wa umeme nchini Uganda kutoka kampuni ya Umeme Aprili 2025, na maombi, ukaguzi na nguzo vina foleni yake. Mashine inayokaa miezi mitatu chini ya turubai ikisubiri nguzo inaanza kushika kutu kwenye silinda.

Waambie watengenezaji waandike: volti 415, fezi tatu, Hz 50. Mota ya volti 380 itazunguka, lakini volti zikipanda usiku inachemka. Mashine ya Marekani iliyotumika huwa ya Hz 60. Hapa mota yake itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na pampu pia.

Weka relei ya kulinda fezi. Fezi moja ikikatika, mota inaendelea kuvuma kwa zile mbili hadi iungue. Relei hiyo pia huzuia mota kuwaka fezi zikiwa zimegeuzwa, maana pampu ikizungushwa kinyume hukauka na kujikwaruza kwa muda mfupi sana. Kwa jenereta, kVA 20 hadi 25 inatosha kama kuna staa-delta.

## Hatua ya 8: Usalama usiuzwe kama nyongeza

Mashine iwe na pazia la mwanga au leza mbele ya panchi, uzio nyuma na pembeni, pedali yenye kifuniko na inayosimamisha ukiiachia au ukiikanyaga kwa hofu, na kitufe chekundu kila upande. Mwendo wa kukunja usipite mm 10 kwa sekunde, isipokuwa kinga ya leza iwe inafanya kazi. Kiwango cha Ulaya kinachohusu mashine hizi ni EN 12622. Muulize muuzaji kwa jina hilo na usikilize anavyojibu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inambebesha mwenye karakana wajibu wa kinga za mashine. Aliyenunua bila kinga ndiye atakayejibu, si aliyeuza.

## Hatua ya 9: Kukagua mashine iliyotumika

Fika asubuhi, kabla haijawashwa. Gusa tangi la oili. Likiwa la moto, wameipasha ili kuficha kitu. Oili ikiwa baridi ndipo mashine hunung'unika.

Sikiliza. Pampu ikitoa sauti kama changarawe ndani ya debe, inavuta hewa au imechakaa.

Fimbo za silinda. Mashine ikiwa imezimwa na kufungwa, pitisha ukucha kwenye kromu. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakula sili mpya kila baada ya muda.

Kushuka yenyewe. Simamisha boriti katikati ya mwendo. Weka daili geji upande wa kushoto na nyingine kulia, toa mikono, zima pampu, subiri dakika 10. Ikishuka upande mmoja kuliko mwingine, sili au valvu ya upande huo imechoka.

Kitanda. Weka rula ndefu ya chuma, angaza tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati peke yake, hapo ndipo kazi fupi za miaka zimefanyika.

Kona ya mkanda mrefu. Hiki ndicho kipimo kinachosema mengi kuliko vyote. Chukua mkanda wako wa mita 2.4 wa bati la mm 2, kunja nyuzi 90, na pima kushoto, katikati, kulia. Kisha soma hivi:

- 90, 90, 90: nzuri. Rudia na mkanda wa pili na wa tatu.
- 90, 92, 90: kitanda na boriti vinapinda. Krauningi itafidia kama ipo. Kama haipo, punguza bei au ondoka.
- 90, 91, 92: boriti haijashuka sawa. Mara nyingi ni marekebisho ya vizuizi vya silinda, si ugonjwa.
- 90 popote kwenye mkanda wa kwanza, 92 popote kwenye wa pili: pima unene wa mikanda kwanza. Ukiwa sawa, basi kina cha kushuka hakirudi pale pale.
- Mahali pamoja pametoka vibaya, pengine pote sawa: dai imeliwa hapo.

Bekigeji. Ipeleke mm 100, irudishe 300, tena 100, mara tano. Pima kwa venia kila mara. Tofauti isizidi mm 0.1. Kisha isukume kwa mkono kwa nyuma. Ikicheza, skrubu yake imekwisha.

Muuzaji akisema umeme umekatika leo, rudi siku nyingine. Usinunue presi iliyolala.

## Hatua ya 10: Bei hadi mlangoni kwako

Bei ya kiwandani ni mwanzo tu. Ongeza usafiri wa meli na bima hadi Mombasa au Dar es Salaam, barabara hadi mpaka wa Malaba, Busia au Mutukula, ada za wakala, VAT ya asilimia 18, na kodi nyingine za forodha. Mpe wakala kifungu cha forodha 8462, kinachohusu mashine za kukunja na kubonyeza chuma, akupe hesabu ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) kwa maandishi. Muulize pia kama mzigo unahitaji cheti cha PVoC (ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha) cha UNBS, shirika la viwango la Uganda, kabla haujapakiwa. Cheti kikikosekana, mzigo ukishafika mpakani umechelewa.

Uliza kimo cha mashine. Mlango wa kontena ya kawaida una kama mita 2.28, na presi nyingi za tani 100 ni ndefu kuliko hapo. Kontena ya kimo kirefu au isiyo na paa ina bei yake. Kuitoa presi ndani ya kontena nako kuna kazi yake, maana haiinuliwi, inavutwa.

Kisha: kreni, zege, oili, nyaya, seti ya akiba ya sili na vichujio. Oili ya haidroliki ISO VG 46 ndiyo ya kawaida, na tangi linaweza kumeza lita 150 hadi 250. Wengi husahau hili hadi mashine imeshasimama.

## Hatua ya 11: Kusimika na kona ya kwanza

Presi ya 100/3200 ina uzito wa tani 7 hadi 8, na uzito mwingi uko mbele na juu. Ikiinuliwa kwa pembe mbaya huangukia uso wake. Tumia masikio ya kuinulia peke yake, kamwe si boriti ya juu, na asiwepo mtu mbele yake.

Sakafu iwe zege yenye nondo, mm 200 hadi 300, imekomaa siku 28. Weka mashine juu ya boliti za kusawazishia, pima kwa levo ya mashine kwenye kitanda, urefu na upana. Tofauti isizidi mm 0.2 kwa mita. Mashine iliyopinda miguuni hukunja vibaya hata ikiwa mpya, na mafundi hutumia mwezi mzima kurekebisha valvu zisizo na kosa.

Mimina oili kupitia kichujio, si moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Washa mota kwa nusu sekunde, angalia mshale wa mzunguko. Ikigeuka kinyume, zima na badilisha fezi mbili. Sogeza boriti juu na chini bila mzigo mara 20 kutoa hewa.

Ingiza panchi na dai, zilinganishe katikati, kaza. Kunja kwanza vipande vifupi vitano, kisha mikanda mitatu ya mita 2.4. Usitie sahihi ya kupokea mashine hadi pembe za mikanda yote mitatu ziwe ndani ya nusu nyuzi, kushoto, katikati na kulia. Fundi wa muuzaji awe bado yupo.

Baada ya wiki moja kaza boliti za vishikio tena, pima levo tena kwa sababu zege hushuka kidogo, na futa chini ya silinda kwa kitambaa cheupe kutafuta oili. Kisha bandika usawa wa macho ya mwendeshaji karatasi yenye mistari ile sita ya Hatua ya 3: unene, V, tani. Kwenye presi ya 100, mstari wa mm 6 upigwe rangi nyekundu, na pembeni yake urefu unaoruhusiwa: mita 1.6, basi.